Bloku Mpya au ya Mtumba? Kwanza Lete Mafuta ya Taa

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro, na nimeamua kipindi chote kiwe chake, maana najua wapo wengi walio katika hali kama yake na hawajapata pa kuuliza. Ana Toyota IST. Ndiyo inayompelekea mikate na maandazi madukani kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Majuzi gari lilichemsha, akaongeza maji, akaendelea na safari, likachemsha tena. Fundi akafungua kifuniko cha oili akamwonyesha: oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wakafungua hedi. Fundi akainuka, akafuta mikono, akamwambia, "Dada, bloku imekwenda."

Sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza bloku mpya ya kiwandani, tupu, haina pistoni wala chochote ndani. Ya pili ni kuletewa injini nzima ya mtumba kutoka Dar es Salaam, "imetoka Japani, haijatembea sana." Anatakiwa atoe jibu Ijumaa. Anauliza: "Kaka, nichukue ipi?"

Dada yangu, jibu nitakupa. Lakini kwanza nikusimulie yaliyotupata sisi, kwa sababu ninachokijua katika jambo hili sikukipata bure.

Baba yangu mdogo alikuwa na Hiace, injini ya 5L, dizeli, ikibeba abiria wa Iringa. Mnaoijua barabara ile mnaijua Kitonga: mlima, kona juu ya kona, malori yamepangana yanapanda kwa gia namba moja. Siku moja Hiace ilichemsha katikati ya mlima ikiwa imejaa. Dereva aliona mshale wa joto umelala kwenye nyekundu, akasema afike juu kwanza ndipo asimame. Alifika juu, lakini gari halikuwaka tena. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakupima kitu. Alisema tu msihangaike na hilo, nunueni injini ya mtumba mfunge, kazi iendelee. Mimi ndiye niliyekuwa Dar, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa.

Nikaenda kwenye maduka ya spea. Muuzaji alikuwa na 5L imekaa juu ya mbao, safi, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Akaunga betri, akachomeka mpira kwenye chupa ya dizeli, akaiwasha palepale kwenye baraza. Ikanguruma vizuri. "Sikiliza mwenyewe kaka," akaniambia, "injini inaongea hiyo." Nikasikiliza. Nikaipenda sauti. Akaipiga alama ya rangi ya njano kwenye bloku kuwa ndiyo garantii yangu, wiki moja, nikamhesabia hela ya baba mdogo noti kwa noti, injini ikapakiwa kwenye lori kwenda Iringa.

Wiki ya saba maji yakaanza kupungua kwenye rejeta na hakuna panapovuja. Asubuhi moshi mweupe, unanuka utamu. Safari hii baba mdogo akamtafuta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Mzee akaifungua, akaikwangua ile rangi ya fedha kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na gundi ya chuma, na chini ya gundi kulikuwa na ufa. Na ndani, kati ya silinda ya pili na ya tatu, ufa mwingine, mwembamba kama unywele. Injini niliyoisikiliza ikiongea ilikuwa imepasuka tangu zamani. Ilinguruma vizuri kwa sababu injini yenye ufa ikiwa baridi, haina mzigo, ikawashwa dakika tano, haingurumi tofauti na nzima.

Mzee akauliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumeuliza. "Ile bloku yenu ya kwanza iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya nyumba. Kuku walikuwa wanatagia pembeni yake. Ikaletwa, ikaoshwa kwa dizeli mpaka chuma kikaonekana, na mzee akaagiza vitu viwili: mafuta ya taa na chaki. Naomba hapa mnisikilize kwa makini. Alipaka mafuta ya taa uso wote wa juu wa bloku na ndani ya silinda, akaacha yakae kama robo saa, kisha akafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kukawa kukavu kabisa. Halafu akasugua chaki, unga mweupe ukatanda kila mahali. Mafuta ya taa hupenya. Kama pana ufa, yaliyoingia ndani yatarudi polepole na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Tulikaa tukiangalia weupe ule, mimi na baba mdogo, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Hapakutokea mstari. Bloku yetu ilikuwa nzima. Kilichopinda ni hedi, na silinda zilikuwa zimelika. Zilichongwa, zikatiwa slivu mpya nne, hedi ikanyooshwa, na Hiace ikarudi barabarani kwa bloku yake ileile. Tulikuwa tumelipa injini nzima tusiyoihitaji.

Ndiyo maana, dada yangu, swali la mpya au mtumba mimi naliweka nafasi ya pili. La kwanza ni hili: nani amepima? Bloku mpya ambayo haijapimwa na bloku ya mtumba ambayo haijapimwa ni ndugu. Zote mbili unazinunua gizani.

Na tusifikiri kwamba uzee wa chuma peke yake ni kasoro. Mwaka 1983 Nelson Piquet, dereva wa Brazil, alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One kwa gari la Brabham lenye injini ya BMW, lita 1.5, silinda nne, yenye turbo. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dereva kupatikana kwa injini ya turbo. Bloku yake ilikuwa ya chuma cha kumimina, ya ukoo uleule wa BMW za kawaida za barabarani, na wahandisi wa BMW, chini ya Paul Rosche, walichukua bloku zilizokwisha kutembea kwenye magari ya watu. Walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao, wangeweza kuchukua mpya kila siku. Sababu yao ni hii: chuma kikimiminwa kwenye umbo, sehemu nyembamba hupoa kwanza na nene hupoa baadaye, na mvutano hubaki umefungwa mle ndani. Injini ikipata moto na kupoa mara maelfu, mvutano ule huachia. Chuma hutulia. Ukikichonga baada ya hapo hakihami tena. Injini ile katika majaribio ya kutafuta nafasi ya kuanzia ilifika kupita nguvu za farasi 1,000, ikiwa imekaa juu ya bloku ambayo pengine ilishawahi kumpeleka mtu kazini.

Lakini wale walichagua, wakapima, wakatupa zisizofaa. Na bloku iliyotulia kwa kazi ya kawaida si sawa na bloku iliyochemshwa mpaka ikapinda. Muuzaji atakwambia chuma cha zamani ndicho chuma. Mwitikie, kisha mwombe rula.

Sasa turudi kwenye gari lako. Hiace ya baba mdogo ilikuwa na bloku ya chuma, nzito, nene, unaweza kuichonga na kuitia slivu. IST yako, kama ni ya lita 1.5, ina injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye Probox, Spacio na Vitz nyingi zinazotuzunguka. Ile bloku ni ya aluminiamu. Ndani ya kila silinda, yenye kipenyo cha milimita 75, kuna ganda jembamba la chuma lililomiminiwa aluminiamu kwa nje, na mtengenezaji hakuliunda ili lichongwe. Kwa hiyo fundi atakayekwambia "tutachonga tutie pistoni kubwa kidogo kama tunavyofanya kwenye dizeli" anakupeleka pabaya. Wapo wanaojaribu kutia slivu aluminiamu, na kwenye karakana yenye mashine nzuri na mtu mwenye mkono inawezekana, lakini si kazi ya kubahatisha kwenye gari linalokulisha.

Hiyo haina maana bloku yako imekufa. Oili kugeuka chai ya maziwa ni maji kuingia kwenye oili, na mara nyingi sana maji hupitia kwenye gasketi ya hedi iliyoungua, au hedi iliyopinda. Fundi wako alijuaje kuwa ni bloku? Aliweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa bloku, akaizungusha urefu, upana na kona kwa kona, akajaribu kupitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake? Kiwango ambacho Toyota huvumilia kwenye uso ule kwa kawaida ni milimita 0.05. Hiyo ni chini ya unene wa unywele. Jicho halioni, kidole hakisikii. Anayesema "nimeangalia, imepinda" bila rula na fila amekisia tu. Na kuna jambo jingine la aluminiamu: matundu ya bolti za hedi. Gari likichemka sana, nyuzi za ndani ya matundu yale hulegea, ukikaza bolti inazunguka tu na nyuzi zinatoka nayo kama vumbi. Hilo nalo hutengenezwa, kuna koili za chuma zinazotiwa kuwa nyuzi mpya. Halihitaji bloku nyingine.

Tuseme sasa amepima, na ufa upo kweli. Twende kwenye uchaguzi.

Bloku mpya ya kiwandani ina raha yake. Vipimo ni vya kiwanda, haina historia ya mtu, na gari likiwa bado jipya au likiwa la kazi nzito ya mkataba, mimi ningeichukua bila kusita. Lakini jua unachonunua. Ile ni bloku tupu. Juu yake weka pistoni, ringi, meni beringi, konrodi beringi, seti ya gasketi, bolti za hedi, pampu ya oili kama ya zamani imechoka, na ujira wa kuipanga. Watu hulinganisha bei ya bloku tupu na bei ya injini kamili ya mtumba, wanasema zinakaribiana. Hazikaribiani hata kidogo. Halafu iulize gereji yako: itapangwa wapi? Bloku mpya lazima ioshwe njia zote za oili kwa brashi na sabuni, maana vumbi la chuma kutoka kiwandani na la barabarani kwetu linaweza kukaa mle. Krankishafti lazima ipimwe nafasi yake na beringi. Kazi hiyo ikifanyika chini ya mwembe, upepo unapiga, watoto wanapita, bloku yako mpya itaanza maisha na mchanga kwenye beringi. Nimeona injini mpya kabisa ikigonga kabla ya kumaliza mwezi, na chuma hakikuwa na kosa lolote.

Neno "mpya" nalo lina ukoo mkubwa. Kwa injini maarufu kama 3L na 5L zipo bloku mpya zinazotengenezwa China na watu wasio wa Toyota. Zipo nzuri humo. Lakini upya wake ni wa kutotumika tu, na zenyewe pia zinataka rula, fila na kipimo cha silinda kabla hujatia kitu.

Injini ya mtumba kutoka Japani ina sababu ya kuwepo, na sababu yenyewe si mbaya. Kule gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi una gharama. Wengi huona afadhali waachane na gari kuliko kulilipia tena, na injini huondoka ikiwa bado na nguvu. Nyingine hupitia Sharjah, kwenye soko kubwa la spea zilizotumika, ndipo zije kwetu. Tatizo ni kwamba injini inasafiri peke yake. Dashibodi imebaki huko. Anayekwambia imetembea kilomita elfu arobaini hana mahali alipozisoma.

Kwa hiyo unaisoma injini yenyewe. Toa plagi, ingiza ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Siku hizi mafundi wengi wanayo. Ukuta wa silinda nzima una mistari myembamba iliyopishana kama wavu, alama ya kiwandani. Ukiona wavu ule bado upo, umefurahi. Ukiona ukuta unang'aa kama kioo, au michirizi ya wima, ondoka. Omba apime kompresheni ya silinda zote nne, zinatakiwa zikaribiane. Chungulia mdomo wa maji: kutu nyekundu na magamba meupe yanakueleza ilikunywa maji gani. Tazama pande zote za nje kwa tochi, na ogopa rangi mpya. Rangi kwenye injini ya mtumba haina faida kwa mnunuzi.

Kisha mwombe muuzaji jambo ambalo wengi wanaona aibu kuomba: afungue hedi mbele yako. Mwambie gasketi mpya utalipia wewe. Kwenye uso wa bloku weka rula, paka mafuta ya taa na chaki. Juu kabisa ya silinda pitisha ukucha. Ukikwama kwenye kingo, ujue ringi zimekula ukuta miaka mingi. Chini, kama hakuna dalili mbaya, usipangue. Vile vifuniko vya meni beringi vilichongwa pamoja na bloku ile, kila kimoja mahali pake, kina namba na mshale. Wakivichanganya, au wakikupa cha bloku nyingine kwa kuwa "vinafanana," krankishafti haitakaa sawa tena. Injini ambayo chini yake haijaguswa tangu kiwandani ina thamani, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niegemee upande wa mtumba kwa gari kama lako.

Muuzaji akikataa kufungua, hata akikuongezea garantii ya mwezi, mwage kwa amani. Lipo duka jingine.

Kuna suala la karatasi, na hapa watu wetu wanaumia kimyakimya. Namba ya injini haipo hewani, imegongwa kwenye bloku. Ukibadili bloku umebadili namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari lako. Bloku mpya mara nyingi huja haina namba kabisa. Ya mtumba ina namba ya gari jingine, na huna hakika gari hilo lilifikaje kukatwa. Kwa hiyo dai risiti ya EFD, namba ya injini iandikwe juu yake, kisha uende TRA kadi ibadilishwe. Usingoje siku unayotaka kuliuza gari, au siku askari anafungua boneti.

Lingine la mwisho, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Gari lako lilichemka kwa nini? Sijaona kwenye ujumbe wako. Kama ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, pampu ya maji iliyochoka au kifuniko cha rejeta kilicholegea, kile kifuniko kidogo kinachokandamiza maji yasichemke yakifika nyuzi 100, basi vyote hivyo bado vipo, vinasubiri injini ijayo. Fundi akitoa themostati na kuitupa akisema nchi yetu ni ya joto, mwambie airudishe. Ile huifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Bila yake injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta na kujikwangua. Na maji ya kisima yenye chumvi yasiingie kwenye bloku ya aluminiamu. Tia kulanti. Bei yake ukiiweka pembeni ya bei ya injini, hata huioni.

Dada yangu wa Morogoro, mimi ningefanya hivi. Kesho, kabla ya kumjibu mtu yeyote, nunua nusu lita ya mafuta ya taa na chaki nyeupe, nenda gereji, simama pale mpaka fundi apime hiyo bloku yako mbele ya macho yako. Ikiwa nzima, nyoosha hedi, weka gasketi na bolti mpya, na hela inayobaki ipeleke kwenye rejeta. Ikiwa imepasuka, panda basi uje Dar na fundi wako, mchague injini ya mtumba kwa rula na chaki, ifunguliwe mkiwa mmesimama hapo. Nami nitakuwepo Jumamosi. Acha namba yako kwa watu wa hapa studio, twende pamoja. Rula ninayo.